Alamanda za Kizuka

Siku aliyofiwa, Nadira alikuwa na udongo kwenye kucha. Alikuwa kitaluni kwake, kando ya barabara kuu pale Mtopanga, amechuchumaa chini ya turubai akikata matawi ya alamanda, simu ilipolia. Mumewe Bakari, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameanguka kazini Changamwe. Kabla wenzake hawajamfikisha hospitali, alikuwa ameshakata roho.

Akazikwa siku ileile, baada ya alasiri. Nyumbani, wanawake wa mtaa walipomwogesha Nadira na kumvisha nguo nyeupe isiyo na nakshi, waliona vidole vyake vimegandwa na utomvu wa alamanda, ule mweupe kama maziwa ambao ukikauka huwa wa kahawia. Wakamsugua kwa dodoki na sabuni. Haukutoka.

"Uwacheni," akasema mamamkwe wake, Bi Mwanatabu. "Hana pa kwenda nao. Utatoka wenyewe."

Tangu hapo Nadira akawa kizuka. Ndivyo tumwitavyo huku pwani mwanamke aliyefiwa na mumewe akakaa eda: hatoki nje ya lango, hajitii wanja wala marashi, havai dhahabu, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Wengine siku hizi hulegeza, mtu akaenda kazini mchana na kurudi jioni. Nyumba ya Bi Mwanatabu haikuwa ya kulegeza.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vitatu, ukumbi, na ua nyuma. Ua ulizungukwa na ukuta wa mawe, na juu ya ukuta palichomekwa vigae vya chupa. Mlikuwa na karo, jiko, choo, na kamba ya kuanikia nguo, basi. Jua liliingia humo likapita ukuta mmoja hadi mwingine, kisha likaondoka. Nadira alikuwa ameishi humo tangu aolewe, lakini hakuwahi kujua kwamba ukikaa kimya uani unaweza kusikia malori ya barabara kuu yakibadilisha gia. Sasa alijua. Aliyasikiliza kutwa, kwa maana kitalu chake kilikuwa huko yanakopita.

Nadira alizaliwa Mtongwe, upande wa Likoni, kwa wazazi wenye minazi michache na shamba la mihogo. Alipoolewa na Bakari akavuka maji akaja Kisauni, akiwa msichana wa ishirini na kidogo. Watoto hawakuja. Walikwenda kwa madaktari, wakaambiwa hakuna kasoro. Walikwenda kwa waganga, wakaambiwa mengi. Miaka ikapita, Bakari akiondoka asubuhi kwenda Changamwe, na Nadira akibaki na mamamkwe, huyu akichambua mchele na huyu akikuna nazi, maneno yameisha hata kabla ya adhuhuri.

Siku moja Bakari alirudi na tawi la mmea. Alikuwa amekwenda kuweka lango kwenye nyumba ya tajiri mmoja huko Nyali, akamkuta mtunza bustani anapogoa ua na kutupa matawi. Moja lilikuwa na ua la manjano nchani, kubwa, limefunguka kama mdomo wa tarumbeta. Akaliokota, akaja nalo ndani ya mfuko wa vifaa vyake, limekandamizwa na nyundo.

"Nimekuletea ua," akasema, akicheka.

"Ua gani hili, limevunjika?"

"Chomeka tu. Watu wasema halifi."

Nadira akalichomeka kwenye kopo la samli. Halikufa. Likatoa majani, likatambaa juu ya kamba ya nguo, na mwaka haujaisha akawa amekata vipande na kuvipanda kwenye makopo mengine. Majirani wakaanza kumwomba, kisha wakaanza kununua. Ndipo Bakari alipomwombea nafasi kando ya barabara, karibu na mahali pa kuoshea magari pa Wafula, mtu mzima kutoka Bungoma ambaye alikuwa na kisima chake na pampu. Bakari akamchomelea fremu ya vyuma ya kutambazia alamanda, na meza mbili. Bi Mwanatabu hakupenda. Mke wa mtu kukaa barabarani, akasema, watu watatuonaje?

"Mama, mwache atoke apate upepo," Bakari akajibu. Na kwa kuwa alikuwa mwanawe wa pekee, neno lake likapita.

Kidogo kidogo kitalu kikawa na mawaridi, asumini, bogonvilia, mirehani, na michungwa ya kupandikiza. Lakini mama wa kitalu alikuwa ile alamanda. Mawaridi yalitaka maji matamu, na maji ya kisima cha Wafula yana chumvi. Asumini ilitaka kubembelezwa. Alamanda ilitaka jua tu. Mbuzi wa mtaani walikuwa wakipita wakionja kila kitu, wakifika kwenye alamanda wanageuza kichwa, kwa maana ina sumu. Nadira alikuwa akiwaambia wateja: usiimwagie maji mengi, itaoza mizizi. Ikate bila huruma, maua yake huja kwenye tawi jipya. Na ukiikata, usijiguse macho.

Sasa kitalu kilikuwa kule na yeye yuko huku.

Mwanzoni hali haikuwa mbaya. Kaviha, mwanamke wa Kigiriama aliyekuwa akimsaidia kazi, alifungua kila siku na kumpigia simu. Nadira alikuwa akiketi kwenye ngazi ya uani, simu sikioni, akiagiza kwa sauti ya chini kama mtu anayeiba.

"Mawaridi umeyapa maji ya mtungi, siyo ya kisima?"

"Nimeyapa, dada."

"Na zile alamanda changa, zitoe kivulini. Zimeshakaza."

"Nimezitoa. Hii ya kwenye fremu nayo imejaa maua, sijaona."

Nadira alikuwa akifumba macho na kuona. Hizo simu ndizo zilizomfanya apumue. Wageni wa matanga walikuwa wamepungua, wa hitima wamepungua, na mwisho waliobaki ni wawili: yeye na Bi Mwanatabu, na katikati yao mahali pa Bakari kwenye mkeka, ambapo hakuna aliyethubutu kuketi.

Kisha Kaviha akapata habari kwamba mama yake hajiwezi, huko kwao Ganze. Akaja kuaga. Akasimama langoni, akilia, kwa maana alijua anachokiacha.

"Nenda," Nadira akamwambia. "Mama ni mama."

Kaskazi ilikuwa imeshika. Kwa wale wasioijua Mombasa ya Januari na Februari, hewa husimama ikawa kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa. Ukutani uani mawe yalikuwa ya moto hata baada ya jua kupita. Nadira alijua kitalu hakiwezi kukaa hivyo hata juma moja bila maji. Akamwendea mamamkwe wake, akapiga magoti kando ya kitanda chake.

"Mama, naomba ruhusa. Asubuhi tu, watu hawajatoka. Nimwagie maji nirudi. Nitajifunika, sitasema na mtu."

"La."

"Masheikh wenyewe wasema mwenye dharura hutoka mchana."

"Maua si dharura, Nadira."

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Bi Mwanatabu alikuwa na tasbihi mkononi. Akaivuta punje moja, nyingine, nyingine. "Mwanangu hajaoza kaburini," akasema. "Wataka watu wakuone barabarani ukiuza maua?"

Nadira akainuka akatoka. Lilikuwako neno moja ambalo hakumwambia: kwamba hilo hilo ndilo lililomwogopesha yeye mwenyewe. Alimpenda Bakari. Alitaka kumlilia kama inavyopasa kulilia mtu, akae, atulie, watu waseme mke wake alimheshimu. Ingekuwa ni mamamkwe peke yake aliyemzuia, angemchukia na kutoka. Lakini nusu ya mkono uliofunga lango ilikuwa yake.

Akakaa. Kila asubuhi alisikia pampu ya Wafula ikianza kunguruma kwa mbali, maji yakimwagikia magari ya watu. Aliota maji hayo. Alipokunywa maji, alijiona mwizi.

Wafula akapiga simu.

"Mama, pole. Nilikuwa naogopa kusumbua. Hii maua yako imekauka. Mawaridi yote imekwisha. Mbuzi wameingia pia. Nilijaribu kumwagia kidogo lakini mimi maua siijui, na gari zikija siwezi kuacha."

"Ahsante, kaka. Mungu akulipe."

"Halafu kuna watu wamekuja kuuliza kama mahali ni wazi. Wanataka kuweka kibanda cha kukaangia samaki. Nimewaambia mwenyewe yuko."

"Waambie yuko," Nadira akasema.

Alipokata simu alibaki akiangalia ukuta. Yuko wapi? Yuko kwenye ua wa mawe, amevaa nyeupe.

Asubuhi iliyofuata aliamka akavaa buibui. Hakupanga. Mikono ilivaa yenyewe. Akapita ukumbini kwa miguu mitupu, viatu mkononi, akafika langoni, akashika komeo. Chuma kilikuwa baridi, na kilikuwa kazi ya Bakari. Yeye ndiye aliyelichomelea lango lile. Upande wa pili, kichochoroni, wanawake wawili walikuwa wakiamkiana.

"Umeamkaje, Bi Fatuma?"

"Salama, alhamdulillahi. Vipi yule kizuka wa Bi Mwanatabu?"

"Yumo ndani maskini, ametulia. Yule mke ana adabu."

Wakapita. Nadira alibaki ameshika komeo. Kama wangemsengenya, huenda angefungua. Lakini walimsifu, na sifa ile ilimfungia kuliko komeo. Akarudi. Ndipo alipomwona Bi Mwanatabu amesimama kwenye mlango wa chumba chake, amejishikiza kwenye fremu, anamtazama. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Akaingia ndani akafunga pazia.

Kutwa hiyo Nadira alingojea ugomvi, ugomvi haukuja.

Kesho yake, chai ilipokwisha kunywewa, Bi Mwanatabu alisema, macho yakiwa kwenye kikombe, "Hayo maua yako yako upande gani wa barabara? Wa msikiti au wa ng'ambo?"

"Wa ng'ambo, mama. Kwa nini?"

"Ndoo iko wapi?"

Lazima nieleze hapa kwa nini Nadira alishtuka. Bi Mwanatabu hakuwa mtu wa kutoka. Alikwenda msibani, alikwenda harusini, kwa majirani wa kichochoro kile, akarudi. Barabara kuu hakuwahi kuikanyaga kwa miaka mingi mno. Bakari akiwa hai ndiye aliyemletea kila kitu, tangu dawa hadi kanga. Watu wa mtaa walikuwa wamezoea, wakidhani miguu ndiyo iliyomzuia.

"Mama, huko kuna malori."

"Nayasikia kila siku. Nitakwenda kuyaona."

Akavaa buibui lake la zamani, akachukua ndoo, akatoka. Nadira akamfunga komeo nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akawa peke yake katika nyumba ile. Alizunguka vyumba kama mtu aliyepotelewa. Akawasha jiko akalizima. Akafikiria yule mzee anavuka barabara, ndoo mkononi, magari ya Malindi yanakuja kwa kasi. Akasema moyoni, nikimpoteza na huyu?

Bi Mwanatabu alirudi jua limepanda, uso mwekundu, upindo wa buibui umeloa tope. Akaketi kwenye ngazi akapepea uso kwa mkono.

"Mengine yamekufa," akasema. "Kama karatasi. Nimegusa yakavunjika. Yale ya manjano yapo."

"Alamanda?"

"Sijui jina. Yale yaliyopanda chuma cha mwanangu. Majani yamelegea lakini maua yanawaka tu, kama hayana habari ya mtu." Akaukamua upindo wake. "Nimeyapa maji. Yule mzee wa magari amenivusha barabara, amenishika kama yai."

Nadira akainama, akaweka kichwa kwenye goti la mamamkwe wake. Bi Mwanatabu hakumpapasa, hakuwa na mazoea hayo, lakini hakuondoa goti.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi Bi Mwanatabu alikwenda, na kila akirudi Nadira alimhoji. Kumfundisha haikuwa rahisi. Bi Mwanatabu alimwaga maji kama anayeosha sakafu.

"Mama, ukiimwagia mengi yaoza. Siku mbili uache, ya tatu umwagie."

"Ina kiu."

"Haina kiu. Wewe ndiye una kiu ukiiona."

Akamfundisha kukata pia, kwa maneno tu, kwa kuchora hewani kwa kisu. Kata chini ya kifundo. Kata mshazari. Toa majani ya chini. Na utomvu ule, mama, usijiguse macho. Bi Mwanatabu akaitikia, akaenda, akakata, akafuta jasho. Alirudi akiongozwa na mke wa jirani, jicho moja limevimba na kufumba, akiwatukana Wafula, alamanda, na aliyezileta duniani.

Nadira akamlaza mkekani akamwosha jicho kwa maji safi, polepole, mara baada ya mara, mpaka moto ukapungua. Ni wakati huo, jicho limefunikwa na kitambaa, ndipo Bi Mwanatabu aliposema.

"Mimi nilikaa eda yangu katika nyumba hii. Bakari yuwatambaa."

"Najua, mama."

"Hujui. Nilikaa vizuri. Watu walinisifu. Siku ya kutoka wakanitia hina, wakanipa nguo mpya. Kesho yake nikasema, leo nimechoka, nitatoka kesho. Kesho yake nikasema mtoto ana homa. Hakuna aliyenikataza, Nadira. Nilikuwa na kibanda cha mikeka Kongowea kabla ya hapo, wajua? Nilikuwa nasuka na kuuza. Kikachukuliwa na mtu mwingine, nikasema basi, ndiyo mapenzi ya Mungu." Akashika kitambaa. "Si mapenzi ya Mungu. Niliogopa lango."

Nadira akabadilisha kitambaa, akaendelea kuosha.

Masika yalipoingia, mvua ya kwanza ikanyesha kutwa nzima, uani maji yakafika kwenye kizingiti. Huo ndio wakati wa kuchomeka alamanda. Bi Mwanatabu akaleta matawi nyumbani, mzigo mzima umefungwa kwa kipande cha leso kuukuu, na Nadira akaanza kazi pale uani. Makopo ya samli, madebe ya rangi, chupa za maji zilizokatwa shingo, chochote chenye kushika udongo. Akachanganya mchanga na samadi ya mbuzi. Alichomeka mpaka hapakuwa na pa kukanyaga, mtu akitaka kwenda chooni apite kwa ncha ya vidole. Baada ya majuma kadhaa macho madogo ya kijani yakatokeza kwenye vijiti. Nadira akacheka, mara yake ya kwanza tangu msiba, na aliposikia kicheko chake mwenyewe alinyamaza haraka, akaangalia mahali pa Bakari.

Lakini kadiri ile miche ilivyokua, nyumba ilizidi kuwa nzito. Bi Mwanatabu alikuwa akichelewa kurudi. Akija, alikuwa na habari: mteja fulani kutoka Bamburi amenunua miche yote mikubwa, askari wa barabarani amemwamkia shikamoo, Wafula amemwonjesha ugali wa wimbi. Alikuwa akiongea akila, yeye aliyekuwa akila kimya. Wale wa kibanda cha samaki walikuja tena, akawauliza nani amewaambia hapana mwenyewe, wakaondoka na hawakurudi.

Nadira alimsikiliza, akampakulia wali, akamwekea maji ya kunawa. Siku moja akajikuta amesimama nyuma ya lango adhuhuri, sikio limelekea kichochoroni, anangoja hatua za mamamkwe. Akakumbuka kwamba kwa miaka yote ile, yeye na Bakari walipokuwa wakirudi, walimkuta Bi Mwanatabu amesimama pale pale, hivyo hivyo. Akarudi uani akakaa katikati ya makopo yake, akajikumbatia magoti.

Eda ikaisha. Wanawake wakaja, wakamwogesha, wakafukiza udi, wakamvisha gauni la rangi ya samawati. Watu wakala biriani, dua ikasomwa. Kila mmoja akamwambia, alhamdulillahi, sasa uko huru mwanangu. Akasema amin.

Asubuhi iliyofuata alisema kichwa kinamwuma. Bi Mwanatabu akachukua ndoo akaenda. Siku iliyofuata Nadira akasema anataka kufua. Ya baada yake, akasema mvua inakuja, naye aliliona jua limejaa ua mzima. Hakuwa akidanganya hasa. Aliamka amekusudia, akavaa, na alipofikiria kichochoro, na wanawake wa kichochoro, na maneno yao, pole, umepungua, utaolewa tena, akalivua buibui.

Siku moja Bi Mwanatabu alikunywa chai, akanyoosha miguu kwenye mkeka, akajilaza.

"Huendi, mama?"

"Miguu yauma."

"Basi kesho."

"Hata kesho itauma."

"Na miche? Jana haikupata maji."

"Haikupata," Bi Mwanatabu akasema, akafumba macho.

Nadira alizunguka uani. Akamwagia makopo yaliyokuwa yameshamwagiwa. Akaja ukumbini, akamwona mamamkwe bado amelala vilevile, uso juu, tasbihi kifuani, na alijua hana usingizi. Akakasirika. Akachukua ndoo kwa nguvu ikagonga mlango, na kwa hasira hiyohiyo akafungua komeo akatoka.

Mwangaza ulimpiga kama kofi. Kichochoro kilikuwa kilekile, lakini kilionekana kirefu. Bi Fatuma alimwona, akaanza, "Nadira, mwanangu! Pole..." na Nadira akaitikia bila kusimama, kwa maana alijua akisimama atageuka. Akafika kwenye barabara kuu. Lori la makontena likapita, upepo wake ukalivuta buibui lake. Akangoja, akavuka.

Kitalu kilikuwa kinatisha. Mahali pa mawaridi palikuwa na makopo matupu. Meza moja imepinda. Alamanda ya kwenye fremu ilikuwa imekatwa vibaya, upande mmoja mrefu, upande mmoja wazi, matawi yamefungwa kwa vipande vya leso vya rangi tatu kama mtoto aliyevunjika mkono. Na ilikuwa imejaa maua kuliko alivyowahi kuyaona.

Mwanamume mmoja alikuwa ameegesha pikipiki, amekwisha kuchagua mche.

"Yuko wapi bibi?" akauliza.

"Hayuko leo. Nikuhudumie?"

"Nitakuja akiwako," akasema. "Yeye amenielewa." Akauweka mche chini, akaondoka.

Nadira alibaki na ndoo. Hakujua acheke au alie. Wafula akamwona kwa ng'ambo ya magari, akainua mkono wenye sabuni, akauteremsha tena akaendelea kuosha, naye Nadira alishukuru kwa hilo. Akavua viatu. Akaanza na meza iliyopinda.

Adhuhuri Bi Mwanatabu akatokea ng'ambo ya barabara, kikapu cha chakula kichwani, akiyasimamisha magari kwa kiganja. Hakutaja miguu. Akaweka kikapu, akatazama, akauliza kwa ukali, "Umekata nini hapa?"

"Nimesawazisha. Ulikuwa umeuharibu mti."

"Mimi uliniridhisha hivyo hivyo."

"Mama, mti haukatwi kwa kuridhika."

Wakagombana pale mbele za watu, kwa sauti, juu ya tawi moja, mpaka chakula kikapoa.

Hivi sasa wako wawili kitaluni, na bado wanagombana. Mawaridi Nadira hakuyarudisha. Kitalu ni cha alamanda na bogonvilia, vitu vinavyovumilia chumvi. Watu hutoka hata Changamwe kuja kununua. Lakini ziko asubuhi ambazo Nadira huamka, akavaa, akafika langoni, mkono ukakataa. Msiba umeshakuwa wa zamani na hakuna anayemkataza. Siku kama hizo Bi Mwanatabu hamuulizi kitu. Huchukua ndoo akatangulia, akaliacha lango limeegeshwa tu. Mara nyingine Nadira humfuata kabla ya adhuhuri. Mara nyingine hamfuati.